Je, Wajua? Kutoka Italia ya Vipande hadi Mpaka wa Tunduma

Je, wajua kwamba ukitoka Tunduma ukaingia Nakonde kwa miguu, unarudi nyuma saa nzima? Tunduma ikiwa saa tatu asubuhi, Nakonde ndiyo kwanza saa mbili. Mama aliyepanga mchele wa Kamsamba kwenye beseni anafuata saa ya Dodoma, mteja wake anafuata saa ya Lusaka, na bei wanapatana kwa Kinyamwanga, au kwa Kiswahili mteja akiwa mgeni aliyetoka Copperbelt. Wabadilisha fedha wameshika kwacha mkono huu na shilingi mkono ule, wala hawakuulizi umetokea upande gani. Wanyamwanga wako pande zote mbili, mashamba yako pande zote mbili, na misiba vilevile.

Mstari huo wa mpaka ulizaliwa Berlin, tarehe 1 Julai 1890, Uingereza na Ujerumani walipotia saini mkataba wa kugawana Afrika Mashariki. Hakuna mwene, yaani chifu, yeyote wa Unyamwanga aliyeitwa kikaoni. Kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika kulikuwa na njia iliyopewa jina la Stevenson, mfanyabiashara wa Glasgow aliyetoa fedha za kuijenga, na Waingereza walitaka njia hiyo ibaki kwao. Ikabaki. Wapimaji walifika kuuweka mpaka ardhini mwaka 1898, miaka minane baada ya wino kukauka.

Na hili je, wajua? Ujerumani iliyokuwa ikigawa watu wa Songwe, mkoa ilipo Tunduma leo, mwaka 1890 ilikuwa na umri wa miaka 19 tu. Ilitangazwa kuwa dola moja Januari 1871. Kabla ya hapo ilikuwa falme na miji huru chungu nzima. Mwenzake Italia naye alikuwa mgeni mjini: ufalme mmoja wa Italia ulitangazwa tarehe 17 Machi 1861, na Roma yenyewe haikuingia mpaka Septemba 1870. Mimi jambo hili halijawahi kuacha kunishangaza. Watu waliokuwa wametoka jana kuunganisha vipande vyao ndio waliokuja kuwakata wengine vipande.

Italia ya mwaka 1815 ilikuwaje? Kaskazini magharibi kulikuwa na Ufalme wa Sardinia, wenye mji mkuu Turin. Milano na Venezia zilikuwa chini ya Austria. Parma, Modena na Toscana kila moja ilikuwa na mtawala wake. Katikati ya nchi alitawala Papa, si kanisani tu bali kwa askari na kodi. Kusini, kuanzia Napoli hadi Sicilia, kulikuwa na mfalme wa ukoo wa Bourbon. Waziri wa Austria, Metternich, alisema bila kuficha kwamba Italia ni jina la kwenye ramani na si zaidi. Aliyesafirisha bidhaa kutoka mji mmoja hadi mwingine alikutana na forodha baada ya forodha. Dereva wa lori aliyewahi kulala kwenye foleni ya Tunduma hahitaji kueleweshwa.

Je, wajua kwamba Giuseppe Mazzini, aliyeanzisha chama cha Italia Changa mwaka 1831, hakukianzishia Italia? Alikuwa mkimbizi Marseille, Ufaransa. Chama kiliwataka vijana, na sharti la kujiunga lilikuwa uwe hujafika miaka 40. TANU ilipozaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na sharti la namna hiyo, lakini rais wake, Nyerere, alikuwa na miaka 32. Mazzini alitaka Italia iwe jamhuri. Ikawa ufalme, na mzee huyo akafia Pisa mwaka 1872 akiishi kwa jina la bandia, kama mhalifu, ndani ya nchi aliyoiota kabla ya wengine wote.

Wajua mfalme wa kwanza wa Italia aliitwa Vittorio Emanuele wa Pili? Wa Kwanza hakuwahi kuitawala Italia. Mfalme alikuwa na namba hiyo akiwa Turin, akaendelea nayo. Watu wa kusini walielewa haraka kwamba wameongezwa kwenye nyumba ya mwenyewe.

Na waziri wake mkuu, Cavour, mwenye akili ya siasa kuliko wote, alikiandika Kifaransa vizuri kuliko Kiitalia. Alizaliwa Turin na kufia Turin, Juni 1861, wiki chache baada ya kazi ya maisha yake kutangazwa rasmi.

Hapa tufike kwenye lugha, maana hapa ndipo Songwe ina la kuwafundisha wakubwa. Je, wajua kwamba Italia ilipoungana, wengi wa Waitalia hawakuweza kuzungumza Kiitalia? Mwanaisimu Tullio De Mauro alikadiria kwamba waliokijua walikuwa kama watu wawili na nusu katika kila mia. Wenzake wakasema amebana mno, wakapandisha hadi karibu kumi. Chukua hesabu unayoitaka. Bado zaidi ya watu tisini katika mia walikuwa na Kisicilia chao, Kivenezia chao, Kinapoli chao. Kiitalia kilikuwa lugha ya vitabu, kilichojengwa juu ya lahaja ya Firenze. Alessandro Manzoni, mtu wa Milano, alitoa riwaya yake kubwa mwaka 1827, kisha akaiandika upya neno kwa neno ili ifuate Kifirenze, na toleo hilo likatoka kati ya 1840 na 1842. Watoto wa shule walikuja kukijua Kiitalia kupitia kitabu hicho. Waliobaki wakakisubiri jeshini, kisha kwenye redio, kisha kwenye televisheni.

Kiswahili kilipita njia nyingine. Kabla hakijawa cha taifa kilikuwa cha msafara. Wapagazi walikibeba kutoka pwani hadi Ujiji na Tabora, Wajerumani wakakitumia shuleni na kwa maakida wao, na Waingereza wakakichagulia sura: mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikipa kipaumbele Kiunguja, na kamati ya kukisanifisha ikaanza kazi mwaka 1930. Watu wa Mombasa hawajasamehe mpaka leo, na mwenye masikio ya ushairi atawaelewa. Lakini kwa Mnyiha wa Mbozi mjadala wa Kimvita na Kiunguja haukuwa na uzito. Kwake yeye Kiswahili hakikuwa lugha ya jirani anayemwonea. Hakuna mwene wa Kiswahili aliyewahi kumtoza kodi. Kilikuwa cha wote kwa kuwa hakikuwa cha yeyote kati ya majirani zake: si cha Wasafwa, si cha Wanyakyusa, si cha Wasangu. Tena ni ndugu wa Kinyiha kwa ukoo wa Kibantu, hivyo ngeli zake hazikumtisha. Firenze ilikuwa mji wenye nguvu na fahari yake; Unguja ilikuwa mbali mno kumtawala mtu wa Vwawa.

Desemba 1962 Rais Nyerere alilihutubia Bunge la jamhuri mpya kwa Kiswahili. Mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria.

Vuka tena mpaka. Zambia ilichukua Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuteua lugha saba za mikoa, Kibemba kikiwa mojawapo. Kinyamwanga hakimo katika saba hizo. Kwa hiyo watoto wa bibi mmoja, mmoja akizaliwa Tunduma na mwingine Nakonde, walijifunza kusoma kwa lugha mbili tofauti, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya bibi.

Je, wajua kwamba makabila yenyewe, yale tunayosema utaifa uliyaunganisha, mengine yaliwekwa sawa na serikali ya kikoloni? Wanyiha hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa na himaya ndogondogo, kila moja na mwene wake, zikioana, zikigombana, na wahunzi wao wakiyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo. Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925 na mpango wa kutawala kupitia wenyeji, sheria yake ikatoka mwaka 1926, na mpango huo ulidai kila mtu awe na kabila na kila kabila liwe na mkubwa anayeeleweka kwenye faili. Pasipokuwa na mkubwa, alitafutwa. Mwanahistoria John Iliffe ameonyesha jinsi wananchi nao walivyoingia kwenye mchezo huo, wakajijengea ukabila ambao babu zao wasingeutambua. Kumbe TANU ilipofika vijijini miaka ya 1950 haikukuta vipande vya tangu enzi. Baadhi vilikuwa na umri wa miaka 30 hivi, karibu sawa na rais wa chama.

Kilichokuwa cha zamani kuliko ofisi ya kabila, katika sehemu nyingi, ni ngoma. Wajua beni? Ilianzia miji ya pwani, ikaiga bendi za jeshi la kizungu: sare, vyeo, tarumbeta, gwaride. Vita Kuu ya Kwanza iliitawanya bara zima, kwa kuwa askari na wapagazi waliokusanywa kutoka kila kona walirudi kwao wakiwa nayo. Vita hivyo vilipita hapahapa. Mapema Novemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilivuka mpaka na kushambulia Fife, kituo cha Waingereza jirani na Nakonde ya leo, likaendelea hadi Kasama, na lilikuwa Mto Chambeshi tarehe 14 Novemba lilipopata habari kwamba Ulaya wameshasitisha vita siku tatu zilizopita. Wakasalimu amri Abercorn, ndiyo Mbala ya leo, tarehe 25 Novemba. Nyuma yao walibaki watu waliokwisha kutembea nchi nzima, waliokwisha kula na kuzika pamoja, na waliokuwa wakiimba kwa Kiswahili. Mtaalamu Terence Ranger aliifuatilia beni hadi ndani ya Rhodesia ya Kaskazini. Vyama vya beni vilikuwa na matawi mji kwa mji, na mwanachama mgeni alipokewa na wenzake asiowajua. Miaka 36 kabla ya TANU.

Waitalia walikuwa na opera. Jina la mtunzi Verdi liliandikwa ukutani na kupigiwa kelele, maana herufi zake zilibeba maneno ya kumtukuza Vittorio Emanuele mfalme wa Italia, na polisi wa Austria wangemkamata nani kwa kumshangilia mwanamuziki? Dar es Salaam walikuwa na lelemama, ngoma ya wanawake. Bibi Titi Mohamed alipopewa kazi ya kuwaingiza wanawake TANU mwaka 1955 hakuanza na katiba ya chama. Alikwenda kwa viongozi wa vikundi vya ngoma, ambao tayari walikuwa na wanachama, kanuni na kadi za michango.

Je, wajua kwamba mojawapo ya mbegu za kwanza za utaifa katika ukanda huu wote haikupandwa Dar wala Lusaka? Ilipandwa Mwenzo, misheni ya Waskoti iliyoko wilaya ya Nakonde, karibu kabisa na Tunduma. Mwaka 1912 walimu na makarani wachache wa Kiafrika, wakiwemo Donald Siwale, Mnyamwanga aliyesoma Livingstonia, na David Kaunda, waliunda pale chama cha ustawi. Vita vikakivuruga, kikafufuliwa mwaka 1923. Kilikuwa chama cha watu wenye kola safi na barua zenye adabu, wakimweleza bwana shauri kero za watu, kodi ikiwemo. Chama cha Waafrika cha Tanganyika, ambacho TANU ilitoka tumboni mwake, kilianza Dar es Salaam mwaka 1929, yaani miaka 17 baada ya Mwenzo. Na David Kaunda alikuja kupata mtoto aliyeitwa Kenneth, ambaye tarehe 24 Oktoba 1964 alikuwa Rais wa kwanza wa Zambia.

Kwa hiyo anayedhani mpakani ni mwisho wa nchi, siasa zinakofika zimechoka, asome upya. Watu wa mpakani waliona serikali mbili kwa wakati mmoja na kuzilinganisha. Walijua kodi ya huku na kodi ya kule. Walikwenda Copperbelt kuchimba shaba na Lupa kuchimba dhahabu, wakarudi na maneno ya kila aina ya watu.

Fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa Kalenga, Iringa, na Gavana Twining mwenyewe tarehe 19 Juni 1954. TANU ikazaliwa siku 18 baadaye. Serikali ilitaka kuwafurahisha Wahehe. Mkwawa huyohuyo akaja kuwa shujaa wa Watanganyika wote, wakiwemo Mmalila na Mndali ambao babu zao hawakuwahi kumtii. Hiyo ndiyo kazi ya utaifa kokote: humchukua mtu wa ukoo mmoja ukamgawa kwa nchi nzima. Garibaldi naye alizaliwa Nice, na Cavour akaitoa Nice kwa Ufaransa mwaka 1860 kama malipo ya msaada wa vita. Shujaa wa Italia akawa hana kwao ndani ya Italia. Hakumsamehe Cavour.

Turudi kwa Garibaldi, maana habari zake ni tamu. Mei 1860 aliondoka karibu na Genova na watu wapatao 1,089, wengi wao wanafunzi, mawakili na mafundi waliovaa mashati mekundu, akashuka Marsala, Sicilia, na katika muda wa miezi minne akawa ameung'oa ufalme uliokuwa mkubwa kuliko wote Italia. Napoli, mji wenye watu wengi kuliko wote katika rasi ile, aliingia tarehe 7 Septemba kwa treni, akiwa ametangulia mbele ya jeshi lake. Oktoba akakutana na Vittorio Emanuele karibu na Teano, akamkabidhi kila kitu. Kisha akarudi kisiwani kwake Caprera kulima. Afrika Mashariki ina habari inayofanana na hiyo, ila chungu zaidi. John Okello, mtu wa Lango kutoka Uganda, alijitangaza jemadari wa mapinduzi ya Zanzibar tarehe 12 Januari 1964, na kabla ya Machi kwisha alikuwa ameshafungiwa mlango asirudi visiwani. Hati za Muungano zilipotiwa saini Aprili, walioweka kalamu ni Nyerere na Karume.

Kura je? Oktoba 1860 Wasicilia waliulizwa kama wanataka kuingia Italia moja. Waliosema ndiyo walikuwa 432,053. Waliokataa: 667. Upande wa Napoli, zaidi ya milioni 1.3 dhidi ya 10,312. Ukumbuke kwamba visanduku vilikuwa vimewekwa hadharani na kila mtu alimwona mwenzake anatumbukiza wapi. Tanganyika ya Novemba 1962 ilimpa Nyerere zaidi ya asilimia 98 dhidi ya Zuberi Mtemvu. Sisemi hesabu hizi mbili zinafanana kwa kila kitu. Nyerere alipendwa kwelikweli, na miaka miwili nyuma TANU ilikuwa imechukua viti 70 kati ya 71. Nasema tu kwamba taifa changa hupenda sana kukubaliana, na asiyekubali hupata taabu. Mwaka 1965 Tanzania Bara ikabaki na chama kimoja kwa sheria, hadi 1992.

Italia nayo iliwapata wasiokubali. Wakulima wa kusini walioahidiwa ardhi wakapata kodi mpya na kuandikishwa jeshini waliingia msituni. Serikali ya Turin iliwaita majambazi na kupeleka askari, hata wakafika zaidi ya 100,000. Vita hivyo vya miaka ya 1860 viliua watu wengi, na kuna watu wa kusini wanaovisimulia hadi leo kwa hasira.

Machifu wa Tanganyika walitoka kwa sheria, si kwa mizinga. Mwaka 1963 mamlaka yao yalifutwa. Mfalme wa mwisho wa Napoli alijifungia kwenye ngome ya Gaeta hadi Februari 1861, mabomu yakimwangukia. Huku, Chifu Adam Sapi Mkwawa alikuwa ameketi kwenye kiti cha Spika wa Bunge, na Chifu Abdallah Fundikira alishakuwa waziri. Mamwene wa Unyiha na Unyamwanga upande wa Tanzania wakabaki na heshima ya mila, matambiko na ushauri. Wenzao upande wa Zambia wanatambuliwa na serikali mpaka leo, hivyo Mnyamwanga wa Nakonde ana chifu kwa mujibu wa sheria, wakati ndugu yake wa Tunduma ana mwenyekiti wa mtaa.

Reli sasa. Je, wajua kwamba Papa Gregory wa Kumi na Sita alikataa reli katika nchi zake? Italia ilipoungana ilikuwa na reli ya kama kilomita 2,000, karibu yote kaskazini, ingawa ya kwanza kabisa ilifunguliwa Napoli mwaka 1839. Serikali mpya ikajenga kwa pupa na kwa mikopo, ikiamini kwamba mtu hawezi kumwita ndugu mtu asiyeweza kumfikia.

Nyerere na Kaunda waliamini hivyohivyo, wakiwa na sababu ya ziada. Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na shaba ya Zambia iliyokuwa ikipita kusini ikakosa njia. Malori yakaelekezwa Tunduma, kwenye barabara ambayo wakati huo ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na matope masika. Septemba 1968 bomba la mafuta la TAZAMA lilifunguliwa, kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, likipita chini ya ardhi ya Songwe. Aliyelijenga? Kampuni ya Kiitalia, Snam Progetti. Na kiwanda cha kusafisha mafuta Dar, TIPER, jina lake refu lilitaja Tanzania na Italia kwa pamoja. Watu waliohangaika karne nzima kuunganisha vipande vyao wakaja kulipwa kuunganisha vya wengine. Sijui kama kuna mhandisi wao aliyeliwaza hilo akiwa Mbozi kwenye jua kali. Pengine alikuwa na mabomba ya kuhesabu.

Kisha reli ya TAZARA. Mabenki na serikali za Magharibi zilisema haitalipa. China ikakubali, mkataba ukatiwa saini Beijing Septemba 1967, mkopo wa yuan milioni 988 usio na riba. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, reli ikagusa mpaka Tunduma Agosti 1973, na mwaka 1975 ikafika Kapiri Mposhi: kilomita 1,860. Maelfu ya vijana kutoka kila mkoa walipiga kambi pamoja na Wachina, wakakata milima kati ya Mlimba na Makambako, sehemu iliyokuwa ngumu kuliko zote. Ukisimama stesheni ya Vwawa au ya Tunduma leo, tazama upana wa reli: ni milimita 1,067, kipimo cha Zambia na nchi za kusini. Reli ya Kati ya Tanzania, aliyoianza Mjerumani, ina milimita 1,000. Kwa hiyo behewa la kutoka Lusaka linaweza kwenda Dar bila taabu, lakini haliwezi kuendelea na njia hiyo ya kati hadi Dodoma. Reli iliwaunganisha Watanzania na Wazambia kabla ya kuwaunganisha Watanzania na reli yao wenyewe.

Nelson Mandela alipotoka kwao kwa siri Januari 1962, mji wa kwanza wa nchi huru kuukanyaga ulikuwa Mbeya, kilomita kama mia moja kutoka Tunduma. Aliyempokea ni John Mwakangale wa TANU. Ndiye huyo Mwakangale aliyehangaika pia na PAFMECA, muungano wa vyama vya ukombozi ulioundwa Mwanza Septemba 1958. Kwa watu kama yeye Tanganyika ilikuwa kituo tu, safari ilikuwa ndefu zaidi.

Wajua Venezia haikuwa sehemu ya Italia mpaka 1866? Kiswahili kiliipokea mwaka 1969, Nyerere alipochapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare. Rais wa nchi aliyepata muda wa kumtafsiri Shakespeare huku akijenga ujamaa hatutampata tena upesi.

Wimbo wa taifa wa Italia ulitungwa mwaka 1847 na Goffredo Mameli, aliyekufa miaka miwili baadaye akiitetea Roma, akiwa na miaka 21. Uliimbwa kwa muda tangu 1946, na sheria ya kuufanya rasmi ikatoka Desemba 2017. Miaka 71 ya muda! Huku kwetu shule ya Tunduma na shule ya Nakonde zikipandisha bendera asubuhi, maneno ni tofauti ila sauti ni ileile: ya Enoch Sontonga, mwalimu wa Johannesburg aliyeitunga mwaka 1897. Zinapishana saa moja tu.

Italia iliyoungana ilisubiri muda gani kabla ya kwenda kuwatawala wengine? Muda mfupi sana. Mwaka 1890 ilitangaza koloni la Eritrea, na tarehe 1 Machi 1896 jeshi lake likapigwa Adwa na Waethiopia wa Menelik, watu wa lugha nyingi na dini zaidi ya moja waliokuja chini ya bendera moja.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilizinduliwa na Marais Magufuli na Lungu Oktoba 2019, ili gari lisimame mara moja badala ya mbili. Foleni ilipungua, ikarudi, ikapungua.

Ya haraka haraka kabla ukurasa haujaisha. San Marino ilikataa kuingia Italia na bado ni nchi, imezungukwa pande zote. Isongole, wilayani Ileje, inatazamana na Chitipa ya Malawi kama Tunduma inavyotazamana na Nakonde, ila kwa kelele ndogo zaidi. Mto Songwe unaotenganisha Tanzania na Malawi huhama mkondo wake kwenye uwanda wa chini mafuriko yakija, na shamba lililolala Tanzania likaamka Malawi. Nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa kulisimamia bonde hilo mwaka 2017. Kuna Mto Songwe mwingine, usiohusiana na mpaka wowote, unaoteremka kwenda Ziwa Rukwa. Mkoa wa Songwe ulikatwa kutoka Mbeya mwaka 2016, makao makuu yakawekwa Vwawa, na sensa ya 2022 ikaukuta na watu zaidi ya milioni 1.3. Na Uwanja wa Ndege wa Songwe? Huo uko Mkoa wa Mbeya. Ukishuka hapo na una haraka ya kwenda Songwe, panda gari.